Kemo ikichelewa wakati mtoto anaonekana amepona

Kama mtoto wako ana saratani ya damu na bado mko ule mwezi wa kwanza wa wodi, hii unaweza kuiweka usome baadaye, saa hii uko na vita vingine. Mimi namtafuta yule mzazi ambaye ameshaambiwa damu imesafika, nywele za mtoto zimeota, anakimbizana na wenzake kwa ploti na mmepewa vidonge mwende navyo nyumbani. Sisi ule mwezi wa kwanza tuliupita vizuri tu. Ni hapo mbele, kwenye raha, ndio tulianza kuchelewa, wiki hapa siku nne pale, na hakuna siku mtu wa nyumba yetu alisema tumeacha matibabu.

Sisi ni wa Nakuru, tunakaa Kaptembwo. Mimi ni fundi wa pikipiki, mama watoto anauza mitumba. Kijana wetu alishikwa mwanzo wa 2022 akiwa na miaka mitano. Tulitibu malaria, tukatibu taifodi, tukarudia taifodi, na mtoto anazidi kupauka na kulia miguu usiku, mpaka nesi wa zahanati moja akaona vidoa vidogo vyekundu kwa ngozi akasema huyu harudi nyumbani, apimwe damu leo leo. Nesi huyo hajui vile tunamwombeaga. Kutoka hapo ni rufaa, sindano ya kutoa uboho kwa mfupa wa nyonga, na jibu: ALL, ile saratani ya damu inayoshika watoto zaidi ya saratani zingine zote duniani.

Daktari alituambia kitu kimoja ambacho mimi nilikishika nusu. Alisema kule Marekani karibu watoto 9 kati ya 10 wenye huu ugonjwa wanapona, na dawa nyingi wanazotumia ni hizi hizi zetu, ni za zamani, hazina siri. Shida ni kuzipata zote, kwa mpangilio, kwa wakati. Mimi nilisikia 9 kati ya 10. Ile ya mpangilio na wakati ilipita juu ya kichwa.

Mwezi wa kwanza sitauongelea sana. Dawa zilikua prednisoloni, vinkristini, asparajinasi, na sindano za mgongo. Mtoto alivimba uso, akawa anadai chapati saa nane za usiku na akikosa anatukana watu wazima, kumbe ni zile dawa. Vinkristini ilimfunga tumbo na kumuuma taya. Damu tulitafuta kwa marafiki wa stage, na hapo nawashukuru watu wa boda wa Nakuru, walikuja kutoa bila kuulizwa mara mbili. Mwisho wa mwezi uboho ukapimwa, tukaambiwa umesafika.

Sasa hapa ndipo natamani ningekua nimeuliza maswali. "Umesafika" maana yake kwa darubini chembe mbaya ziko chini ya 5 kwa kila 100. Basi. Daktari alikuja kunieleza baadaye sana kwamba mtoto akishikwa huu ugonjwa anakua na chembe mbaya kama trilioni moja hivi mwilini, na hata darubini ikisema safi bado zinaweza kubaki mabilioni, zimejificha, hazionekani na mtoto haumwi popote. Ndio sababu matibabu yanaendelea miaka miwili mpaka mitatu. Akanipa na historia, kwamba 1948 huko Boston daktari anaitwa Sidney Farber aliandika kuhusu watoto aliowapa dawa ya kwanza ya kukata makali ya huu ugonjwa, wengine wakainuka kitandani wakacheza, kila mtu akashangilia, na baada ya miezi michache ukarudi kwa wote. Ilichukua miaka mingi madaktari kujua kwamba lazima dawa ziwe nyingi pamoja na ziendelee muda mrefu baada ya mtoto kuinuka. Yaani mtoto kucheza haikua kipimo hata wakati huo.

Mimi kwa kazi yangu naona hii kila siku. Mtu analeta pikipiki inapiga moshi, unaitengeneza, unamwambia rudi baada ya kilomita kadhaa tubadilishe oili, harudi, kwa nini arudi na injini inalia vizuri? Nilikua nawacheka hao watu.

Baada ya kemo kali za miezi ya kwanza, tukaingia kwa vidonge. Nieleze vile ilikua ili mjue kwa nini ni rahisi kupotea. Merkaptopurini ni kila siku jioni. Methotreksati ni mara moja kwa wiki, MARA MOJA, na hii naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu mzazi akichanganya hizo mbili akapeana methotreksati kila siku inaweza kuua mtoto, sio mchezo. Sisi tulichagua Ijumaa, tukachora duara nyekundu kwa kalenda ya ukutani, na kichupa chake kilikaa mbali na kile cha kila siku. Kisha kila mwezi kliniki: damu, vinkristini, siku tano za prednisoloni, na kila baada ya muda sindano ya mgongo. Merkaptopurini yenyewe huja kidonge cha miligramu 50 na mtoto hapewi kizima kila siku, inategemea ukubwa wa mwili, kwa hivyo unaweza kuambiwa leo nusu kesho kizima. Andikeni. Usiamini kichwa chako saa tatu za usiku ukitoka kazini.

Kuna kuchelewa kwa aina mbili na ilinichukua muda kutofautisha. Ya kwanza ni ile ya daktari. Unafika kliniki, damu inapimwa, unaambiwa seli nyeupe za kupigana na magonjwa, zile nyutrofili, zimeshuka chini ya 500 au plateleti, zile za kugandisha damu, ziko chini, hatumpi dawa leo, rudi baada ya wiki. Hiyo inaudhi juu ya nauli, lakini ni sehemu ya matibabu, wanampumzisha mtoto asije akauawa na maambukizi badala ya saratani, na dawa inarudishwa damu ikipanda. Hiyo usigombane nayo. Unachoweza kufanya ni kupunguza safari za bure: sisi tulikuja kukubaliana na sista wa kliniki tupime himogramu, yaani hesabu ya seli za damu, hapa Nakuru siku moja au mbili kabla, tunatuma picha ya majibu kwa simu, wanatuambia njooni au ngojeni. Hii ingetuokolea pesa nyingi kama tungeijua mwanzo. Ulizeni.

Ya pili ni ile ya kwetu, na hiyo ndio haina mtu wa kuihesabu.

Januari 2023 karo ya mkubwa na nauli ya kliniki zilikutana mkononi mwangu, karo ikashinda, tukasogeza kliniki wiki moja. Mtoto alikua sawa, hatukuona tofauti, na hiyo ndio shida, kwa sababu ukishaona hakuna tofauti mara ya kwanza, mara ya pili haikuogopeshi. Halafu kuna siku duka la dawa la hospitali tulipokua tukitibiwa halina merkaptopurini, unaambiwa jaribu nje, unazunguka kemisti za mji wote wanakuangalia kama unatafuta dawa ya ng'ombe, mwisho shemeji anapata Nairobi anatuma kwa matatu kama parseli. Siku hizo za katikati mtoto hamezi kitu. Halafu bima inakwama, unaambiwa idhini haijatoka, keti, kesho, keti tena. Halafu kukhu wake, yaani nyanya yake, akaja kutoka Malava, akamwona mtoto anameza vidonge na anakimbia, akaniuliza mbele ya watu kwani mnampa sumu ya nini mtoto mzima? Kanisani pia wapo waliosema tumshukuru Mungu tuache kushikilia ugonjwa. Sikuwakasirikia. Wote walikua wanasema kitu ambacho macho yao yanaona.

Kisha ikaja 2024. Mgomo wa madaktari ulianza katikati ya Machi ukaisha Mei 8, siku 56. Sina ugomvi na daktari anayedai haki yake, mimi nikifanya kazi bila kulipwa pia nafunga garage, ila nasema tu vile ilikua kwetu. Kliniki ikawa haipo. Mvua nayo ikanyesha vile mnakumbuka, na ule usiku wa kuamkia Aprili 29 maji yakabeba watu Mai Mahiu, kwa njia ya kutoka Nairobi, barabara ikakatika, na parseli yetu ya dawa ilikua upande wa pili. Huwezi hata kulalamikia parseli wakati watu wanazika familia. Mgomo ukaisha, foleni ya kliniki ikawa ya kutisha, na siku yetu ya kliniki ilikua Jumanne. Jumanne za Juni 2024 mnazijua, zile za maandamano. Tarehe 18 na tarehe 25 hakuna mtu na akili zake alikua anasafirisha mtoto asiye na kinga kupita katikati ya teargesi.

Ukiangalia moja moja, kila kuchelewa kulikua na sababu nzuri. Hakuna mtu angetulaumu. Lakini ugonjwa haukagui sababu.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani daktari alinisimulia ambao bado unanizungukia kichwani. Waliwapa familia chupa za merkaptopurini zenye kifuniko kinachorekodi kila kikifunguliwa, wakafuatilia watoto kwa miezi. Wale waliokunywa chini ya asilimia 95 ya dozi zao, ugonjwa uliwarudia zaidi ya mara mbili ya wengine. Sasa asilimia 95 fanya hesabu: ukikosa siku mbili tu kwa mwezi umeshashuka chini yake. Na kitu kingine, wazazi walipoulizwa mtoto amekunywa siku ngapi, wengi walitaja siku zaidi ya zile chupa ilifunguliwa. Si ati walikua waongo. Mtu anakumbuka vile alikusudia. Na hao ni watu wenye gari na bima kule kwao.

Desemba 2024 tulienda ushago Malava. Watoto wakaenda kuoga mtoni. Jioni binamu yake mkubwa akaniita kando, kijana wa miaka kumi na mbili, akaniambia kwa aibu, "Baba mdogo, huyu upande mmoja wa huku chini ni mkubwa." Kijana wetu alikua na miaka karibu minane, alishaanza kuoga mwenyewe na kufunga mlango, na sisi tulifurahia amekua. Haikua inamuuma. Haikua na homa. Korodani moja ilikua imekua kubwa na ngumu, na yeye alidhani ndio kukua kwa wanaume.

Picha ya ultrasaundi, kisha kipande kikatolewa kikapimwa. Ulikua umerudi, hapo tu. Uboho na maji ya mgongo vilikua bado safi. Ilikua imebaki miezi michache tu tumalize dawa zote.

Mwili wa binadamu umeweka ulinzi sehemu mbili, ubongo na korodani, dawa nyingi za damuni haziingii hapo vizuri. Ndio sababu ya zile sindano za mgongo, kupeleka dawa kwa upande wa ubongo. Ya korodani sisi hatukuwahi kuiuliza na hatukumbuki kama tuliambiwa, pengine tuliambiwa ule mwezi wa kwanza wakati hakuna kitu kinaingia kichwani. Kwa hivyo wenye wavulana, angalau mara moja kwa mwezi angalieni, hata kama ana aibu, na mwambieni yeye mwenyewe sababu kwa maneno ya kawaida. Uvimbe usiouma ndio wa kukimbizwa hospitali. Na kwa wote, mvulana na msichana: kichwa kuuma na kutapika asubuhi asubuhi, mdomo kwenda upande, macho kuona mbili mbili, kupauka tena, vidoa vyekundu, mifupa kuuma usiku. Usingoje tarehe ya kliniki.

Mama yake alimuuliza daktari swali ambalo mimi niliogopa kuuliza, kama ni kwa sababu ya zile wiki. Daktari hakutudanganya na hakutuchapa. Alisema kuna watoto hawajakosa kidonge hata kimoja na ugonjwa ukarudi, kuna waliokosa sana na wakapona, kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema. Kwa watoto wengi pamoja ndio unaona wazi kwamba kukosa kunaongeza hatari. Mama yake alilia kwa korido, mimi nikaenda kununua maji na nikakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Matibabu ya mara ya pili ni makali kuliko ya kwanza, msidanganywe. Tuliambiwa bahati yetu ni kwamba ulirudi kwa kuchelewa na sehemu moja tu. Ukirudi mapema, au kwa uboho, nafasi inakua ndogo na wengi wanaelekezwa kupandikizwa uboho, ambayo kwa wengi wetu ni kuchanga pesa ya kwenda India. Sisi ni kemo tena kuanzia chini, na mionzi kwa korodani zote mbili. Mionzi hiyo ina maana kijana wetu kuna uwezekano mkubwa hatazaa, na akifika umri wa kubalehe atahitaji kufuatiliwa na pengine kupewa homoni. Hiyo karatasi ya kukubali nilisaini mimi. Ana miaka minane, anajua tu ni mashine haiumi. Bado sijajua nitamwambia akiwa na miaka mingapi, na kama kuna baba amepitia hapo nitashukuru akiniambia alivyofanya.

Pesa. Tulipoanza tena 2025 SHA, ile bima ya afya ya serikali, ilikua inalipia saratani mpaka 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 nyingine kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Ni ya familia nzima, si ya kila mtu. Sisi wa jua kali tunalipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, kwa hivyo tarehe yako ya kuisha iandike kwa kalenda ile ile ya dawa na uanze kuweka kidogo kidogo miezi mitatu minne kabla, mtoto awe ameandikishwa na cheti chake cha kuzaliwa kiko sawa, kwa sababu kuhangaikia karatasi wakati mtoto ameshalazwa ni kupoteza wiki. Nje ya bima bado kuna nauli, chakula cha anayelala wodini, vipimo vya nje, na siku ambazo mimi sifungui garage. Tuliuza kipande cha shamba. Chama cha mama yake kilitubeba kuliko ukoo wangu, hiyo nayo niseme.

Vitu tunafanya sasa tofauti. Vidonge vya akiba vya angalau wiki mbili havitoki nyumbani, tunaomba dawa mpya kabla ile ya mwisho haijaguswa. Nauli ya kliniki inakaa kwa M-Pesa ya mama yake, sio yangu, na hakuna mtu anaikopa hata kwa unga. Tukikosa siku tunaiandika, hatuongezi dozi kesho yake kufidia, tunampigia sista na tunamwambia ukweli. Themometa iko kwa kabati, na homa ikifika 38 tunatoka saa hiyo hiyo hata iwe usiku wa manane, hatumpi panadoli kwanza tuone, kwa sababu seli zikiwa chini homa inaweza kumaliza mtoto kabla kuche. Akikaa darasa moja na mwenye surua au tetekuwanga tunapiga simu siku hiyo, mwalimu wake tumemwomba atuambie mapema na amekua akitusaidia sana. Kukhu sasa ndiye anayeuliza kwa simu kila jioni kama kijana amemeza. Hakuelezwa na mimi, nilimweka daktari kwa simu amweleze kwa Kiluhya.

Na kuna barua. Mgomo ulipotukuta 2024 kuna kituo kingine kingetusaidia lakini sisi tulikua na kijitabu cha kliniki tu, chenye mwandiko wa watu kumi, na hakuna aliyethubutu kumpa mtoto dawa kwa kukisia. Tena ugonjwa uliporudi walitaka kujua amepewa kiasi gani cha doksorubisini, ile nyekundu, tangu mwanzo, kwa sababu inajumlishwa maisha yote na ikizidi inaharibu moyo. Ikabidi faili ya zamani itafutwe siku kadhaa kabla waamue dozi na moyo upigwe picha. Kwa hivyo mwombe daktari akuandikie ukurasa mmoja: jina la ugonjwa na aina yake, jina la protokoli (ule mpango wa dawa anaofuata), mko wiki ya ngapi, dozi za sasa, uzito na kimo, jumla ya ile nyekundu, sindano ya mwisho ya mgongo ilikua lini. Ipige picha, itume kwa simu ya mtu mwingine wa familia, na uombe mpya kila dozi zikibadilishwa. Iombe ukiwa kliniki ya kawaida, wakati madaktari wapo na foleni ni fupi.